Pikipiki Kubwa ya Safari: Injini Itadumu, Je, Mwili Wako?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo halijazoeleka sana katika masuala ya afya, nalo ni pikipiki kubwa za safari ndefu. Sizungumzii bodaboda tulizoziacha nyumbani. Nazungumzia yale madude ya sisi 1200, 1300 na kuendelea, yenye kioo kirefu mbele, makasha ya mizigo ubavuni na kiti kipana kama kochi.

Kwa nini nimechagua mada hii? Wengi wetu tuliokuja ughaibuni miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 sasa tuna umri wa miaka 45 hadi 60. Watoto wamekua, deni la nyumba limepungua, na baadhi ya ndugu zetu wamejinunulia pikipiki waliyoitamani tangu ujana. Si vibaya. Mimi ni muuguzi, nimesomea Tanzania na baadaye hapa Uingereza, na pikipiki ya aina hii ninayo tangu 2012. Imeshatembea zaidi ya maili 60,000. Kwa hiyo sisemi kama mtu wa pembeni anayeogopa chombo.

Ninachotaka ukumbuke ni hiki: pikipiki hizi zimeundwa kudumu miaka mingi, na ukiifanyia sevisi injini haitakusumbua upesi. Kinachochakaa mapema ni mwenye pikipiki. Masikio, macho, mikono, mgongo na presha havina taa ya kuwaka kwenye dashibodi. Watu wanabadilisha oili kwa tarehe, lakini hawakumbuki lini walipimwa macho.

HIZI NI PIKIPIKI ZA NAMNA GANI?

Mifano inayojulikana ni Honda Gold Wing, ambayo ilianza kuuzwa 1975, Honda ST1300 Pan European ya 2002 ambayo hata polisi wa Uingereza waliitumia, Yamaha FJR1300 iliyoanza 2001, na zile za BMW za herufi RT. Nyingi hazina mnyororo. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti. Tangi ni kubwa: FJR inachukua lita 25 na Pan European lita 29. Uzito nao si mchezo. FJR ikiwa na mafuta ni karibu kilo 290, Pan European inapita kilo 310, na matoleo mengine ya Gold Wing hufika kilo 400.

Hapo ndipo matatizo ya kiafya yanapoanzia. Chombo chenye nguvu, kizito, kinachokwenda maili 250 bila kusimama, kinamwezesha mtu kukaa kwenye upepo na kelele saa nyingi kuliko mwili ulivyozoea. Na kwa kuwa anafanya hivyo mwaka hadi mwaka, madhara yanakuja polepole bila yeye kujua.

MASIKIO

Nimeanza na masikio kwa sababu ndiyo yanayoharibika kwa uhakika zaidi, na yakishaharibika hayarudi.

Wengi wanadhani kelele ya pikipiki ni injini na ekzosi. Sivyo. Ukipita maili 40 kwa saa, kelele kubwa ni ya upepo unaozunguka helmeti. Kwenye barabara kuu, maili 60 hadi 70 kwa saa, kelele ndani ya helmeti huweza kupita desibeli 95 na hata kufika 100. Wataalamu wa afya kazini huhesabu hivi: desibeli 85 mtu anaweza kuzivumilia kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15 tu. Sasa fikiria safari ya London hadi Glasgow, maili 400 hivi. Umeshamaliza kipimo cha siku kabla hujatoka mkoa wa jirani.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvichosha na mwisho huviua, na mwili hauoti vingine. Vinavyoanza kufa ni vile vya sauti nyembamba. Mtu hasemi "sisikii", anasema "nasikia ila sielewi". Hatofautishi "saa" na "taa", wala "sisi" na "fisi". Mama akipiga simu kutoka nyumbani, yeye anailaumu simu. Mjukuu akiongea, anamwambia aongeze sauti. Mwingine anabaki na mlio usiokwisha kama wa nyenje, na usiku unamnyima usingizi.

Dawa yake ni kinga, na kinga hiyo ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote utakachoinunulia pikipiki: vizibo vya masikio. Vile laini vya sponji vinauzwa kila duka la dawa. Kivae hivi: kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Halafu vaa helmeti. Kama kimechomoza nje, hakijaingia. Usitumie pamba wala tishu, hazizuii kelele hiyo.

Utauliza, je, nitasikia honi na king'ora? Utasikia. Vizibo hupunguza sauti zote, na kwa kuwa mngurumo wa upepo umepungua, wengi husikia gari la jirani vizuri zaidi. Hapa Uingereza havikatazwi na sheria. Faida nyingine utaiona jioni ya siku ya kwanza: utashuka bila kichwa kuuma. Uchovu mwingi wa safari ndefu ni uchovu wa kelele.

Jambo moja kuhusu kioo cha mbele. Usidhani kirefu ndiyo kimya. Kama ukingo wake unapeleka upepo moja kwa moja kwenye helmeti, kelele inaongezeka. Kishushe na kukipandisha mpaka upate pale kichwa hakitikisiki.

MIKONO, MGONGO NA KITI

Ganzi ya vidole ni malalamiko ya kawaida. Ikiwa ganzi ipo kidole gumba, cha shahada na cha kati, na inakuamsha usiku ukikung'uta mkono, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ni kidole kidogo na cha pete, ni mshipa mwingine unaopita upande wa kiwiko na kiganja. Mtetemo, kushika usukani kwa nguvu na baridi vyote huchangia. Lakini kisukari na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri navyo huleta ganzi, kwa hiyo usiridhike na kubadilisha mipira ya usukani tu. Ganzi ikidumu zaidi ya wiki chache, muone daktari. Ukiachia mpaka misuli ya kiganja ikasinyaa, operesheni haitarudisha nguvu zote.

Shika usukani kama unavyoshika kifaranga: asitoroke na asife. Uzito wa mwili ukae kwenye mapaja na tumbo, si kwenye viganja. Kama unalazimika kuinama mbele sana, yapo madaraja ya kuinua usukani, na fundi anayafunga kwa muda mfupi.

Kuhusu kukaa, tangi la pikipiki ni kubwa kuliko kibofu chako. Simama kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu, hata kama mafuta bado. Tembea, nyoosha magoti, kunja na kukunjua vifundo vya miguu. Kukaa saa nyingi bila kusogea huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, hasa kwa mnene, aliyewahi kuganda damu au aliyetoka kufanyiwa operesheni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu wanaume, hapa naomba mnisikilize vizuri. Ganzi ya sehemu za siri baada ya safari ndefu hutokana na kiti kubana mishipa. Simama mara kwa mara, badilisha kiti, na kwa kawaida huondoka. Lakini kukojoa kwa shida, mkojo kutoka kwa matone, kuamka usiku mara nyingi au kuona damu, hayo usiyasingizie kiti. Hapa Uingereza mwanamume mmoja mweusi kati ya wanne hupata saratani ya tezi dume katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Ukifika miaka 45 zungumza na GP wako kuhusu kipimo. Wapo wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu kila dalili waliipa jina la pikipiki.

UPEPO, BARIDI NA "KIFUA"

Nyumbani tumekua tukisikia kuwa pikipiki inaleta kifua. Tunawaona vijana wa bodaboda wamevaa koti nyuma mbele au wameweka boksi kifuani. Je, ni kweli? Nimonia huletwa na vijidudu, na kifua kikuu huambukizwa na mgonjwa anayekohoa. Upepo peke yake hauvileti. Hata hivyo hewa baridi na kavu huweza kuamsha pumu, na mwenye pumu anapaswa kubeba pampu yake mfuko wa karibu, si kwenye kasha la nyuma.

Hatari halisi ya baridi ni nyingine. Hewa ikiwa nyuzi 5 na wewe unakwenda kilomita 100 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi kama ya nyuzi 3 chini ya sifuri. Hewa ikiwa nyuzi 0, ni kama 11 chini ya sifuri. Mwili ukipoa, vidole vinakuwa vizito kubana breki, na akili nayo inapungua kasi. Mtu aliyepoa sana hajitambui. Anaona tu kuwa anataka kufika upesi. Ukianza kutetemeka usiweze kujizuia, hiyo ni amri ya kusimama na kunywa kitu cha moto ndani ya jengo. Ukiona mwenzako alikuwa anatetemeka, sasa ameacha na anaongea kama mlevi, hiyo ni dharura.

Vaa nguo kwa tabaka, funga shingo vizuri, na kama uwezo upo weka vipasha joto vya usukani au jaketi la umeme. Mwenye sikoseli awe mwangalifu mara mbili, kwa sababu baridi na kukosa maji vyote huweza kumwanzishia maumivu.

KWA WALIOKO OMAN NA GHUBA

Kwenu tatizo ni kinyume chake. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, upepo hauipozi ngozi tena kwa wenyewe. Unaipasha, na kinachokupoza ni jasho tu. Jasho hukauka upesi kwenye upepo, kwa hiyo mtu hadhani anapoteza maji. Kuvua jaketi si suluhisho, ngozi inaungua na ukianguka huna kinga. Vaa jaketi la wavu, vaa fulana iliyoloweshwa ndani yake, ondoka alfajiri, na kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo wa rangi ya chai ni onyo. Ukiwa umefunga, safari ndefu mchana wa kiangazi ahirisha. Kizunguzungu, kichefuchefu na kuacha kutoka jasho ni dalili za hatari: kivuli, maji mwilini, na msaada wa hospitali haraka.

MACHO

Sheria hapa inataka usome namba ya gari ukiwa mita 20. Hicho ni kipimo cha chini mno kwa mtu wa pikipiki, kwa sababu hakipimi uwezo wa kuona pembeni, na gari linalokuua hutokea pembeni.

Kuna ugonjwa wa presha ya macho ambao huiba uwezo huo wa pembeni polepole, bila maumivu. Mtu anasoma gazeti vizuri kabisa kumbe pembeni pameshafungwa. Watu wenye asili ya Kiafrika tunaupata zaidi, mapema zaidi, na mara nyingi kwa ukali zaidi. Ukigundulika mapema kuna matone ya kuuzuia, lakini kilichopotea hakirudi. Pima macho kila miaka 2. Kwa England, ukiwa na miaka 40 au zaidi na mzazi, ndugu wa kuzaliwa au mtoto wako ana ugonjwa huo, kipimo hicho ni bure kwa NHS. Ukiona taa za magari usiku zina duara la mwanga au zinakuchoma, huenda ni mtoto wa jicho. Hilo nalo linatibika.

PRESHA, SUKARI NA DAWA UNAZOMEZA

Presha: wapo wanaoacha dawa siku ya safari ili wasisimame kukojoa. Usifanye hivyo. Presha ikipanda barabarani, kiharusi hakingoji ufike. Muulize daktari kama muda wa kumeza unaweza kubadilishwa. Na ukisimama baada ya kukaa sana, shuka taratibu, kwani dawa za presha huweza kukupa kizunguzungu, na kizunguzungu ukiwa umeshika kilo 300 ni mguu kuvunjika.

Kisukari: anayetumia insulini hapa Uingereza lazima aiarifu DVLA. Pima ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka, na kila saa 2 ukiwa safarini. Sukari ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ikiwa chini ya 4, usiendeshe kabisa, na baada ya kurudi 5 au zaidi subiri dakika 45, kwa sababu ubongo huchelewa kuliko damu. Vidonge kama gliclazide na glibenclamide navyo huweza kushusha sukari. Weka glukosi mfuko wa jaketi, mahali mkono unafika. Walioko Oman waulize taratibu za polisi wa ROP, na walioko Marekani ofisi ya leseni ya jimbo lao.

Dawa za kupunguza nguvu ya damu kuganda, kama warfarin na apixaban: kuanguka kidogo tu huweza kuleta damu kuvuja ndani ya kichwa. Ukigonga kichwa nenda hospitali hata kama unajisikia vizuri.

Dawa za mafua na mzio: Piriton na nyingine za zamani hulewesha usingizi. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Kumbuka pia kuwa tangu 2015 sheria ya England na Wales imeweka viwango vya baadhi ya dawa za hospitali kwa waendeshaji, ikiwemo diazepam na morphine. Kama unazitumia kwa cheti, beba cheti, na usiendeshe ukijiona mzito.

USINGIZI NA SHIFTI YA USIKU

Sisi wengi tunafanya kazi za usiku: nyumba za wazee, hospitali, maghala. Kisha Ijumaa asubuhi mtu anatoka shifti, anawasha pikipiki, anakwenda harusi maili 200. Utafiti wa Dawson na Reid uliotolewa 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na kwa saa 24 ni kama asilimia 0.10. Kiwango cha sheria England ni 0.08. Maana yake, hujagusa pombe lakini mwili wako umelewa.

Kwenye gari ukisinzia sekunde 2 unaweza kuamshwa na kingo za barabara. Kwenye pikipiki huna nafasi hiyo. Kahawa husaidia kwa muda mfupi, usingizi wa dakika 20 husaidia zaidi, na kulala usiku mzima ndiyo tiba yenyewe. Mirungi siyo tiba. Inaficha uchovu bila kuuondoa, na hapa Uingereza imepigwa marufuku tangu 2014. Kama unakoroma sana, mwenzako anasema unaacha kupumua usingizini, na mchana unasinzia, mwambie GP. Ugonjwa huo una matibabu mazuri, na usingizi wa mchana unaoathiri uendeshaji lazima uiarifu DVLA.

KUIINUA IKIANGUKA

Pikipiki nzito huanguka zaidi ikiwa imesimama au inageuka polepole. Ikianza kuelemea, iache iende. Plastiki inanunulika, ngiri na uti wa mgongo ni habari nyingine. Kuiinua, zima injini kwanza. Ikiwa imelala upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuinua, na weka gia ya kwanza isibingirike. Igeuzie mgongo, chuchumaa ukiegemeza makalio kwenye kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, mikono imenyooka. Kisha rudi nyuma hatua ndogo ndogo ukisukuma kwa miguu. Usiinue kwa kiuno. Kama yupo mtu karibu, muite.

HELMETI, TAIRI NA BREKI

Uchambuzi wa Cochrane wa 2008, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti inayolegea haina kazi hiyo. Ikishikwa na kuzungushwa, ngozi ya mashavu ifuate. Ibadilishe ikishagonga chini kwa nguvu, na kwa kawaida baada ya miaka 5 hivi. Hapa Uingereza mpango wa serikali wa SHARP, ulioanzishwa 2007, huzipa helmeti nyota, na matokeo huangaliwa bure.

Tairi la nyuma la pikipiki hizi nzito huisha haraka, maili 6,000 hadi 10,000 ni kawaida. Kwa anayeendesha kidogo tatizo ni umri. Tazama namba nne pembeni ya tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu na hushiki barabara iliyolowa hata kama meno yapo. Oili ya breki badilisha kila miaka 2. Na kama unanunua iliyotumika, tafuta yenye ABS. Ulaya imelazimisha ABS kwa pikipiki mpya zenye injini kubwa kuanzia 2016 na 2017, lakini za nyuma ya hapo nyingi hazina.

BIMA NA FAMILIA

Tunajua jinsi jamii zetu zinavyochangishana msiba ukitokea. Usiwaachie watu mzigo huo kama uwezo wa kujiandaa upo. Bima ya lazima ya pikipiki inalipa uliyemgonga. Haikulipi wewe uliyevunjika nyonga ukakaa miezi 6 bila kazi, huku nyumbani wanangoja ada ya shule. Uliza kuhusu bima ya ajali binafsi, na uhakikishe bima yako ya maisha inajua kuwa unaendesha pikipiki. Bima nyingi za safari hazilipi kwa pikipiki inayozidi sisi 125 usipoongeza malipo, na nyingine hazilipi ukiwa huna helmeti. Hilo linawahusu hata wanaokwenda likizo Dar es Salaam au Mombasa wakapanda bodaboda kichwa wazi.

Weka kadi kwenye pochi, imeandikwa Kiingereza: jina, namba ya mtu wa karibu, magonjwa, dawa na mzio. Kama wa karibu wako hasemi Kiingereza, ongeza namba ya anayekisema.

SIKU YA MOT IWE NA YA MWILI WAKO

Hapa pikipiki iliyotimiza miaka 3 hupelekwa MOT kila mwaka. Nakushauri mwezi huo huo ujikague na wewe, uandike kwenye daftari moja na sevisi ya pikipiki:

1. Presha: pima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwa wengi ikiwa 135/85 au zaidi, peleka kwa GP.
2. Sukari na mafuta ya damu. England, wenye miaka 40 hadi 74 huitwa na NHS kwa ukaguzi kila miaka 5. Usipoitwa, uliza.
3. Macho, kila miaka 2.
4. Masikio: kama familia inalalamika kuhusu sauti ya televisheni, pima.
5. Mikono: je, unabana klachi na breki kwa nguvu ile ile ya mwaka jana?
6. Shingo: je, unaweza kugeuka kutazama nyuma ya bega pande zote mbili?
7. Uzito: je, unaweza kuitoa pikipiki garejini peke yako bila kushika ukuta?

Ukiona mambo mawili au matatu yameshuka, haina maana uache kesho. Punguza kwanza: acha usiku, acha barabara za barafu, gawa safari ya siku moja iwe mbili. Wengi huhamia pikipiki ya sisi 500 hadi 700 yenye kilo 200, na wanashangaa jinsi raha ilivyorudi. Lakini ukiwa umeangukiwa mara mbili kwa mwaka mmoja ukiwa umesimama, au umekoswakoswa na magari ambayo hukuyaona kabisa, au unaiogopa asubuhi kabla ya kuiwasha, mwili umeshakupa jibu. Kuuza wakati bado unaweza kuiendesha mpaka kwa mnunuzi ni heshima, siyo aibu.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya daktari wako, ambaye anajua historia yako. Kama hutafanya lolote katika haya leo, basi fanya moja: nunua vizibo vya masikio kabla ya safari yako ijayo, na mnunulie na unayempakia nyuma. Naye ana masikio.